Daraja Lililoshinda Kura

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na kama imo, basi ramani hiyo bado haijahakikiwa. Nimemwomba Mungu aniongoze niisimulie bila chuki, maana ni nchi yetu, na watu wake ni watu wazuri. Tunasali sana. Tunasalimiana mpaka chakula kinapoa. Kama tuna kosa, ni hilo moja tu la adabu kupita kiasi.

Mila yetu kubwa ni kushukuru kabla ya kufungua. Mgeni akikuletea kitu amekifunga kwenye khanga, unapokea kwa mikono miwili, unakisifu kilichomo, unamwombea aliyekileta, kisha unakipeleka ndani. Kukifungua mbele yake ni kumvua nguo hadharani. Kuna bibi mmoja wa kwetu alisifu sana utamu wa asali aliyoletewa, na mgeni alipoondoka akafungua, akakuta mkaa. Hakumwambia mtu. Aliutumia mkaa ule kuchemshia chai, na kila akikutana na yule mgeni njiani humwambia, "Asali yako ilitufaa sana, Mungu akuzidishie." Serikali yetu imezaliwa na kulelewa humu humu. Inaijua mila hiyo vizuri kuliko sisi.

Kijiji chetu kinaitwa Ng'ambo Hii. Kinachotutazama kinaitwa Ng'ambo Ile. Katikati unapita Mto Renge. Wao wana hospitali, soko na kituo cha basi. Sisi tuna kanisa, darasa la jioni la watu wazima tuliochelewa shule, na kichuguu. Kichuguu ndicho mahali pekee simu inaposhika mtandao, kwa hiyo maarifa yote ya dunia hutufikia kwa njia ya kichuguu. Asubuhi utaona watu wamepanga foleni. Mmoja anapanda, anatazama, anashuka akiwa ameshajua mambo, mwingine anapanda. Mwalimu Hosea, anayetufundisha jioni, alitueleza kwamba zamani mtu alikuwa anasoma kwanza ndipo ajue. Siku hizi, alisema, Mungu amerahisisha.

Siku picha ya daraja ilipofika, aliyekuwa juu ya kichuguu ni Nyamizi, mke wa Kasiani fundi baiskeli. Nyamizi ana sauti ya kuita watu mashambani. Alipiga ukelele mpaka kuku wa Mwenyekiti wakatawanyika.

"Jamani! Tumejengewa daraja!"

"Wapi?"

"Hapa! Mto Renge! Wizara yenyewe imeandika!"

Tuligeuka wote tukautazama mto. Ulikuwa unapita kama kawaida yake. Katikati alikuwepo Mzee Lubasha na mtumbwi wake wa kuvushia, ndani amepakia mama mmoja na mbuzi. Tukageuka tena tukaitazama simu. Daraja lilikuwa jeupe, refu, limening'inizwa kwa nyaya kama kinanda kikubwa. Lilikuwa na taa, na magari yanayong'aa, na watu wakitembea kando yake wawili wawili.

"Na hiyo milima yenye weupe juu?" aliuliza Kasiani. "Sisi hatuna milima."

"Milima inakuja awamu ya pili," alijibu Mwenyekiti Baltazari, ambaye ndiye mkuu wa kijiji.

"Na hawa waliovaa makoti mazito namna hii?"

"Hao ni wakandarasi. Maji ya huku yamewapa homa."

"Wewe Kasiani una maneno!" mkewe akamkemea. "Ndiyo maana baiskeli za watu hazitengemai. Unauliza mno."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akatukumbusha kwamba zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta, na kwamba kwenye mtandao aliyeileta yupo muda wote. Basi akaandika kwa niaba yetu: "Sisi wananchi wa Ng'ambo Hii tumelipokea daraja. Ni zuri. Limetufaa." Tulipanda kichuguu mmoja mmoja tukaweka dole gumba. Mzee Lubasha hana simu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

*

Uzinduzi ulifanywa na Waziri wa Ujenzi na Muonekano, Mheshimiwa Sanyenge Kilumbo. Alikuja na magari mengi na wapiga picha wengi zaidi ya magari. Vijana wa wizara walisimika nguzo mbili ukingoni, wakafunga utepe katikati, na nyuma yake wakasimamisha bango la bati pana kama ukuta wa kanisa, lenye picha ya daraja. Ukisimama vizuri mbele ya bango, mto huuoni.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, "wapo majirani zetu wanaojenga madaraja ya saruji. Saruji! Nawauliza, daraja la saruji linaonekana na nani? Na wapita njia tu! Daraja letu, tangu wiki iliyopita, limeonekana na mamilioni! Limeonekana mpaka kwenye nchi zisizo na mto! Sasa nijibuni, wananchi wenye akili timamu. Kati ya daraja linalopitwa na watu mia na daraja linaloonekana na mamilioni, lipi lipo zaidi?"

"La kuonekana!" tuliitikia.

"Sisikii!"

"La kuonekana!"

Hapo Mzee Lubasha akavua kofia, akanyoosha mkono. Si mtu wa ubishi. Amevusha wajawazito, maiti, mitihani ya darasa la saba na mapadri, na sijamsikia akimjibu mtu vibaya.

"Mheshimiwa, heshima yako. Naomba unionyeshe nguzo zilipo, nisije nikazigonga na mtumbwi."

Waziri alitabasamu muda mrefu. Alimtazama msaidizi wake. Msaidizi aliutazama mto.

"Hilo ni swali la msingi kabisa, baba yangu," alisema Waziri. "Linathibitisha kwamba mtumbwi wako ni hatari kwa miundombinu ya taifa."

Jioni ile mtumbwi ulipakiwa kwenye lori lililoleta mahema, ukapelekwa mji mkuu, kwenye Makumbusho ya Umaskini wa Zamani. Mzee Lubasha alipewa kofia mpya yenye picha ya daraja. Aliipokea kwa mikono miwili akashukuru, maana na yeye ni wa kwetu. Tangu siku hiyo alikuwa anakaa ukingoni ameivaa, bila kazi, akitazama maji.

Kabla ya kuondoka, Waziri alikata utepe, akasogea mpaka maji yanapoanza, akanyanyua mguu mmoja. Wapiga picha walilala chini kifudifudi wakampiga kwa chini, ili mguu uonekane uko juu ya kitu. Kisha akaurudisha.

"Nimevuka," alisema.

Tulishangilia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nilipiga makofi mpaka viganja vikawa vya moto. Lakini uso ulikuwa wa moto zaidi, na sikujua kwa nini, maana jua lilikuwa mgongoni.

*

Baada ya hapo tulivuka kwa miguu, kule juu mto unakopanuka na kina kupungua, nguo tumezifunga kichwani. Kuvuka huko tulikuita "kwenda darajani". Ukikutana na mwenzako yuko magoti wazi, maji yakimchuruzika, ulimsalimia, "Daraja linasemaje?" naye akajibu, "Safi tu, upepo kidogo." Maji yakijaa, hakuna aliyevuka, na hakuna aliyesema kwa nini.

Wageni walianza kuja. Walikuja bwana na bibi harusi kutoka mjini, na wapambe wao wamevaa sare ya zambarau, wapigwe picha darajani. Walifika ukingoni wakasimama. Bibi harusi alitazama kushoto, akatazama kulia, akatutazama sisi. Sisi tukatazama chini.

"Ni zuri kuliko kwenye picha," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Karibuni sana," tulimjibu.

Walipigwa picha mbele ya bango, wakaondoka. Hakuna aliyemwaibisha mwenzake. Mwalimu Hosea alitupa insha jioni ile, "Siku Niliyovuka Daraja," na yangu ilipata alama ya juu. Aliandika kwa wino mwekundu kwamba nina kipaji cha kueleza nilichokiona kwa macho. Nilisali nikamshukuru Mungu kwa ajili ya alama hiyo, na katikati ya sala nikasahau nilikuwa naomba nini.

Kisha likaja shindano la Daraja Bora la Bara Zima. Kura zilipigwa kwa simu. Mpinzani wetu mkubwa alikuwa daraja la nchi jirani, la saruji ya kijivu, limenuna kabisa, ng'ombe wamejaa juu yake. Redio ikatangaza kwamba kupiga kura ni uzalendo na kutopiga ni ujirani. Mwenyekiti akamteua Nyamizi kuwa Mratibu wa Kura wa Kichuguu. Wakati huo Nyamizi alikuwa na mimba yake ya kwanza, baada ya miaka mingi ya yeye na Kasiani kuombewa kwenye jumuiya yetu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, lakini halikumzuia. Alipanda na kushuka na simu za watu kama anayechota maji. Alimfuata hata Mzee Lubasha ukingoni, na simu ya kuazima.

"Mzee, weka kidole hapa."

"Nakiweka kwa ajili ya nini, mwanangu?"

"Daraja letu lishinde."

"Hili lililochukua mtumbwi wangu?"

"Mzee, usitutie aibu. Watu wa nje wanatutazama. Tukisema halipo, nani atacheka? Si hao hao majirani na ng'ombe wao?"

"Na tukisema lipo, nani atavuka?"

"Aa, mzee naye! Kuvuka kila mtu atavuka kivyake. Hapa tunazungumzia ushindi."

Mzee aliweka kidole. Siku ileile Nyamizi akaandika kwenye ukurasa wa shindano: "Nimevuka leo asubuhi na mimba yangu changa, sijasikia hata mtikisiko." Maneno yale yalipendwa na watu wengi kuliko kitu chochote kilichowahi kuandikwa kutoka Ng'ambo Hii. Wizara iliyachapa kwenye kalenda.

Tulishinda. Siku ya ushindi ilitangazwa mapumziko. Waziri alisema kwenye redio kwamba huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza katika historia ya nchi yetu ambao hakuna aliyelalamikia matokeo. Bunge nalo halikukawia. Likapitisha sheria kwamba kitu kikishashinda kura hakiruhusiwi tena kutokuwepo. Ikaundwa Idara ya Uhakiki, yenye muhuri mwekundu wa kugonga juu ya picha yoyote ya uzushi. Muhuri una neno moja tu: UONGO. Tulichinja mbuzi, tukala, na katekista akatuongoza kwenye sala ya shukrani. Tulishukuru. Mbele ya Mungu anayeuona Mto Renge mchana na usiku, tulishukuru.

*

Uchungu ulimshika Nyamizi asubuhi, kabla ya siku zake kutimia. Mama Pudensiana, mkunga wetu, aliingia ndani, akakaa, akatoka akiwa anajifuta mikono na hatutazami usoni.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Hii si ya kwangu. Hospitali, na iwe sasa."

Mto ulikuwa umejaa. Kwetu hakukuwa na wingu hata moja, lakini huko mbali milima ya watu wengine ilikuwa imenyeshewa, na maji yalikuwa ya kahawia, yana haraka. Hospitali tuliiona pale ng'ambo kama unavyoiona nyumba ya jirani. Tuliona hata mashuka yakianikwa.

Kasiani alipanda kichuguu akapiga simu hospitali. Aliweka sauti juu, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mke wangu ana hali mbaya. Naomba mtume mtu aje na chombo cha kuvushia."

"Uko wapi, kaka?"

"Ng'ambo Hii."

"Sasa chombo cha nini? Si mvuke tu darajani? Mkifika geti mseme ni dharura, mtapita bila kupanga mstari."

Kasiani alitutazama sisi tuliokuwa chini. Nakumbuka nilishika rozari yangu mfukoni, nikaibana.

"Dada," alisema, "hakuna daraja."

Lilikuwa neno la kwanza la aina hiyo kutamkwa kijijini kwetu. Watu walisogea nyuma kidogo, kama waliomwona mtu akivunja chungu cha mwenye nyumba.

"Kaka, acha utani, mimi niko kazini," sauti ilisema. "Daraja nililipigia kura mwenyewe."

Simu ikakatwa. Kasiani akaigeuza, akaupiga mto picha. Picha haikuwa na kasoro. Maji yalikuwemo, ng'ambo ilikuwemo, hospitali ilikuwemo, na katikati hapakuwa na kitu. Akaituma kwenye kila kundi alilokuwa nalo, akaandika chini yake: "Huu ndio Mto Renge leo. Mke wangu anajifungua. Mwenye mtumbwi atusaidie."

Sijui kama alikuwa ameshashusha mkono wakati muhuri mwekundu ulipotokea juu ya picha. UONGO. Na chini yake maneno ya wananchi yakaanza kumiminika. Mwalimu Hosea aliyasoma kwa sauti, kwa sababu ya mazoea ya kufundisha, mpaka tukamwomba aache.

"Huo ni mto wa jirani, tunaujua."

"Daraja limefutwa kwa kompyuta. Tazameni vizuri, maji hayana kivuli."

"Analipwa na nani huyu?"

"Mke wake ni nani? Nyamizi? Si huyu aliyesema amevuka na mimba bila mtikisiko? Sasa tumwamini lipi?"

"Pole kwa mkeo, lakini usiichafue nchi."

Huyo wa mwisho alikuwa mtu mpole. Ameweka na picha ya maua.

Kasiani alishuka akaingia ndani kwa mkewe. Mlango ulikuwa wazi. Nyamizi alikuwa amelala ubavu, jasho limemloanisha nywele, ameuma upindo wa khanga.

"Umeandika nini?" alimuuliza.

"Nimeomba msaada."

"Umeandika halipo?"

Kasiani alipiga magoti kando yake.

"Kasiani, futa. Futa ile picha. Majirani watatucheka."

"Nyamizi, mama, mtoto..."

"Futa kwanza. Mimi ndiye niliyewaambia watu nimevuka. Unataka nikija kumbeba mwanangu, watu waseme ni mtoto wa mama mwongo?"

Kasiani alirudi kichuguuni akaifuta. Tulimpisha njia wakati wa kupanda, tukampisha wakati wa kushuka. Hakuna aliyemwambia asifute. Namwomba Mungu anionyeshe siku moja ni nani kati yetu angeweza kumwambia, maana mimi nimetafuta na sijamwona.

Tukaenda ukingoni, tukapunga mashuka, tukaita. Kule ng'ambo, muuguzi mmoja aliyekuwa anaanua nguo akatuona. Akaweka beseni chini, akakinga jua kwa mkono. Tukapiga kelele zaidi. Alitoa simu akaitazama, akatutazama, akaitazama tena. Kisha akanyoosha mkono, taratibu, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni, akatuonyesha kushoto kidogo, pale ambapo kwenye picha daraja linaanzia. Piteni pale, alituashiria. Pale pale.

*

Aliyeligusa bango kwanza alikuwa Mzee Lubasha. Alilisukuma, likalia. Akalisukuma tena.

"Ni bati," alisema. "Lina fremu ya mbao. Litaelea."

"Hiyo ni mali ya wizara!" alisema Mwenyekiti Baltazari. "Linahitaji kibali."

"Kiombe," alisema Mzee. "Sisi tunaling'oa wakati unakiomba."

Mwenyekiti aliwatazama watu, akatazama kichuguu, akaitazama nyumba ya Kasiani ambamo Nyamizi alikuwa ametoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu. Akavua koti lake.

"Basi ling'oeni kwa heshima," alisema, akashika upande mmoja.

Tulilitandika majani na khanga, tukamleta Nyamizi ukingoni, tukamlaza juu. Mgongo wake ulikuwa juu ya nyaya nyeupe, miguu yake juu ya ile milima ya awamu ya pili. Tulifunga kamba za mbuzi kila pembe, tukaingia majini, wanaume kwa wanawake, waliojua kuogelea na tusiojua. Mzee Lubasha alitangulia na mti mrefu, akipapasa. Kofia ya wizara ilimtoka kichwani ikaenda na maji, hakugeuka.

Nilikuwa na kamba ya nyuma kushoto. Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Nilianza Salamu Maria mara nyingi na sikuimaliza hata moja. Mto ulikuwa unatuvuta kwa nguvu kuelekea chini, na bango lilikuwa linazunguka, na kila likizunguka Kasiani alikuwa anazunguka nalo akiwa ameshika kichwa cha mkewe kisiguse maji. Mara mbili tulirudishwa nyuma. Mwalimu Hosea aliteleza akazama, akaibuka bila miwani. Mwenyekiti alikuwa analia kwa sauti, na hakuacha kuvuta.

Nyamizi alifumbua macho katikati ya mto.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Katikati," Kasiani alimjibu.

"Katikati ya daraja?"

Kasiani alimtazama. Maji yalikuwa yanampiga mdomoni.

"Ndiyo, mama," alisema. "Katikati ya daraja."

Tulichukua muda mrefu sana. Jua lilikuwa juu tulipoingia na lilikuwa limeinama tulipoikanyaga Ng'ambo Ile. Bango tuliliacha matopeni. Kasiani na Mzee Lubasha walimbeba Nyamizi kwenye khanga mpaka mlangoni, wauguzi wakampokea wakikimbia, mlango ukafungwa.

Tulisimama kwenye baraza la hospitali. Hakuna aliyekaa, kwa kuogopa kulowesha mabenchi. Maji yalitutiririka mpaka yakawa kidimbwi, na mama wa usafi akaja na dekio, akapangusa kuzunguka miguu yetu bila kusema neno, akaondoka, akarudi, akapangusa tena.

Daktari alitoka akiwa anavua glavu. Alikuwa dada mdogo kwa umri, mwenye sura ya mtu ambaye hajalala.

"Mume wake ni nani?"

Kasiani alisogea.

"Pole, kaka. Mama tumempata, atapona. Mtoto hatukumpata. Alikuwa wa kike." Akazikunja glavu. "Alikuwa ameshachoka kabla hajafika hapa. Mngewahi kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Kasiani alitikisa kichwa taratibu, kama anayeelekezwa njia.

"Sasa mbona mmechelewa hivi?" daktari aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli. "Na daraja liko pale mlangoni kwenu?"

Nyuma ya pazia tulimsikia Nyamizi akilia. Kasiani aligeuka akatutazama, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa aliinamisha uso. Nilimwomba Mungu ampe nguvu aseme. Halafu, na Mungu mwenyewe anajua, nilimwomba asiseme.

"Foleni, daktari," alisema Kasiani. "Darajani kulikuwa na foleni."

Nyuma ya pazia kilio kilikatika.

Daktari aliguna, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndiyo maendeleo hayo. Kila mtu sasa anataka kupita." Kisha akatugeukia sisi tuliosimama kwenye maji yetu, kama mtu anayetaka uhakika. "Ilikuwa kubwa kiasi hicho?"

"Kubwa," alisema Mwenyekiti Baltazari.

"Kubwa sana," tuliitikia sote, na sauti yangu niliisikia ikiwemo.